Muundo wa Shina la Msindano

Shina la msindano aina ya Pinus patula, mti wenye asili ya Mexico unaopandwa kwa wingi katika shamba la Sao Hill wilayani Mufindi, lina muundo unaostahili kusomwa pole pole. Kila msimu wa ukuaji, kambiamu, yaani utando wa seli zinazogawanyika chini ya gome, hulivika shina lote tabaka jipya tangu kileleni hadi chini, hata mti mzima ukawa koni nyembamba zilizopachikwa moja juu ya nyingine. Kwa mpangilio huo, ubao uliojengwa na kambiamu changa hukizunguka kiini katika kila kimo cha mti: huku chini umefunikwa na ubao komavu, ilhali karibu na kilele ndio ubao wote uliopo.

Ufundi wenyewe umo katika seli. Karibu na kiini, trakeidi, yaani seli ndefu zinazounda ubao, ni fupi, kuta zake ni nyembamba, na nyuzinyuzi za selulosi ndani ya kuta hizo zimelala kwa mshazari mkubwa. Kadiri pete za ukuaji zinavyolikaribia gome, trakeidi hurefuka, kuta hunenepa na mshazari hupungua. Athari yake ni ya kupendeza: mche hupinda mbele ya upepo bila kuvunjika, na mti mkubwa husimama kwa ukakamavu wa tabaka zake za nje. Kwa hiyo ulegevu wa katikati hauna budi kusomwa kama mbinu, ingawa mpasuaji mbao huuona kuwa kasoro, kwa sababu ubao wenye sehemu zote mbili hupinda unapokauka: upande wa kiini husinyaa zaidi kwa urefu.

Mti ulioinama huongeza utata. Upande wake wa chini hujenga ubao wa mgandamizo, wenye rangi ya kahawia iliyokolea na lignini nyingi, unaolisukuma shina lirudi wima. Ubao huo ni mzito, lakini nao husinyaa kwa urefu kupita kawaida. Hivyo uzito, ambao kwingineko ni ishara nzuri ya uimara, hapa humpotosha msomaji.

Jina la spishi, basi, halitoshi kuuhukumu ubao. Anayetaka kuuthamini kwa haki na aulize kwanza ulikuwa umbali gani kutoka kwenye kiini, katika kimo gani, na upande upi wa shina.