Nenda na Ndimu Yako

Mng'ao unaokuvutia kwenye yadi ya mawe ni kazi ya mashine. Jiwe gumu, jiwe laini, hata lenye ufa, likishapitishwa kwenye mashine ya kung'arishia hukuonesha sura yako kama kioo. Tabia yake utaijua baadaye, siku utakapomwaga kitu.

Mimi niliijua kwa hasara. Kaunta yangu ya kwanza ilikuwa nyeupe, yenye mishipa ya kijivu, na muuzaji aliniapia: "Mama, hii ni graniti, utawaachia wajukuu." Wiki ya pili nilikamua ndimu za samaki, nikasahau ganda moja limelala kifudifudi usiku kucha. Asubuhi nikakuta duara lililofifia. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua tena, wapi! Halikutoka kwa sababu halikuwa doa. Doa ni kitu kilichoongezeka juu ya jiwe. Pale jiwe lenyewe lilikuwa limepungua. Asidi ilikuwa imelila. Nilikuwa nimeuziwa marumaru.

Usinunue jina

Majina ya mawe yanachanganya, na mitaani yanachanganya zaidi: ukimwambia fundi "marumaru", mara nyingi anaelewa vigae vya sakafuni. Marumaru halisi ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo wa ardhini. Sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, na ndimu, siki, ukwaju na nyanya ni maadui zake wa kila siku. Graniti imeundwa kwa kwatzi, feldispa na mika, vitu ambavyo ndimu haiviwezi. Mwenye kutaka kuona uvumilivu wake akalitazame Jiwe la Bismarck pale Mwanza, lilivyosimama ziwani na jua na mvua yake.

"Graniti nyeusi" nyingi, kwa mwanajiolojia, si graniti bali gabro au doleriti. Hilo lisikutie wasiwasi. Ni mawe magumu yanayofaa jikoni. Wasiwasi ni jiwe la kijivu lililopakwa rangi likaitwa jeusi. Mengine meupe huuzwa kwa jina la kwatzaiti, jiwe gumu la kwatzi, kumbe ni marumaru. Kwa hiyo jina liache dukani, omba kipande kilichokatwa kwenye bamba lile lile, ukipime nyumbani.

Vipimo vinne vya mezani

*Ndimu.* Dondoshea tone moja, ngoja dakika kumi na tano, futa, kisha inamisha kipande kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona alama iliyofifia, kuna kalsiamu kaboneti humo.

*Maji.* Tone la maji, muda ule ule. Pakibadilika rangi kuwa peusi, jiwe linakunywa, na linalokunywa maji litakunywa pia mafuta ya mchuzi na manjano ya pilau. Si lazima ulikatae, ila litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo kila linapoanza kunywa tena.

*Chupa.* Buruta ncha ya jiwe kwenye kioo cha chupa kuukuu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, marumaru ni 3, kioo ni karibu 5.5 na kwatzi ni 7. Kwatzaiti ya kweli itakichana kioo; marumaru itateleza na kuacha unga wake.

*Asetoni.* Ni ile ya kufutia rangi ya kucha. Lowesha kitambaa cheupe, usugue jiwe jeusi. Kitambaa kikitoka na weusi, umeuziwa rangi.

Bamba zima

Sasa rudi yadi, mchana. Simama ubavuni mwa bamba, si mbele yake, ili mwanga ukujie kwa mshazari. Mabonde, viraka vya gundi na sehemu zisizong'aa sawasawa hujitokeza hapo. Ukiona mstari, pitisha ukucha. Mshipa wa asili hauushiki, ufa huukwamisha. Gonga kwa kifundo cha kidole huku na huko: sauti inayolia ni ya jiwe zima, inayokufa ghafla inataka maelezo. Geuza utazame mgongo. Wavu uliogandishwa nyuma mara nyingi maana yake ni kwamba jiwe lilihitaji msaada ili lisivunjike.

Pima unene kwa futi yako mwenyewe. Bamba la milimita 30 lina uzito wa karibu kilo 80 kwa mita ya mraba, na la milimita 20 karibu kilo 54, basi makabati yawe na mbavu za kulibeba.

Kisha mkague fundi kama ulivyolikagua jiwe. Tundu la sinki liwe na kona za mviringo, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali. Maungio yasipite kwenye sinki, mahali pembamba kuliko pote. Na mtazame anavyokata. Anayekata kwa grenda kavu, vumbi jeupe limetanda, anapumua silika inayoharibu mapafu, yeye na kijana wake wa kazi. Karakana nzuri hukata kwa maji.

Kuishi nalo

Utunzaji hauna mengi: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa laini. Siki na dawa za chooni zisiiguse marumaru. Stilwaya na mchanga wa kusugulia masufuria vibaki karoni, maana chembe za kwatzi ndani ya mchanga huikwaruza. Sufuria la moto liweke juu ya kibao, na kinu kitwangie chini, wala si kando ya sinki. Mafuta yakishazama, kanda soda ya kuokea na maji iwe nzito, paka, funika kwa nailoni hadi kesho yake. Kisha ifunue; ikikauka huvuta mafuta juu.

Na ukiipenda marumaru kwa ubaridi wake, kama waokaji wanavyoipenda kwa unga uliokandwa na siagi, inunue ukijua kwamba itazeeka pamoja nawe, alama kwa alama. Kosa langu halikuwa kuinunua, bali kuinunua nikidhani ni kitu kingine.

Safari ya pili nilikwenda yadi na ndimu ndani ya pochi. Kijana wa pale aliponiona naikata, akacheka: "Shikamoo mama, umekuja kununua jiwe au samaki?"

"Marahaba, mwanangu. Samaki ninaye tayari."

Nilipodondoshea tone kwenye kile kipande cheupe alichokuwa akikisifu, kicheko kikapungua. Hakungoja dakika zitimie. Alikwenda nyuma, akaniletea kipande kingine.