Acha Unachofanya, Wasikilize Belle and Sebastian

Nimetoka kuisikiliza Tigermilk, albamu yao ya kwanza, kwa mara ya kwanza na moyo bado unanidunda. Nikairudia papo hapo. Kisha nikaikimbilia albamu ya pili, na ya tatu, na zote zilizofuata hadi Late Developers ya 2023, na sasa namkamata kila ninayekutana naye nimwambie: kuna bendi Glasgow, huko Scotland, inapiga tangu 1996, na kama hujaisikia, raha yako bado iko njiani!

Mtunzi wao mkuu ni Stuart Murdoch, na lazima umjue huyu ili uelewe kwa nini nyimbo zake zinapenya hivi. Akiwa kijana alishikwa na ugonjwa wa uchovu sugu, ule unaomlaza mtu kitandani na kumnyima nguvu hata za kupanda ngazi. Ulimlia takriban miaka saba ya ujana. Hakuweza kazi, hakuweza masomo, na ndani ya kifungo hicho ndipo alipojifunza kutunga. Alipoanza kupata nafuu akawa mtunzaji wa ukumbi wa kanisa, akiishi humo humo ghorofani. Ndiyo maana watu wa nyimbo zake ni wale tunaowapita bila kuwaona: msichana asiyetoka chumbani, mvulana anayezunguka na basi bila safari, muumini aliyechoka kuomba. Anawatazama kwa upole wa mtu aliyetazama dunia kupitia dirisha kwa muda mrefu mno.

Na bahati waliyoipata! Chuo cha Stow, pale pale Glasgow, kilikuwa na wanafunzi wa biashara ya muziki waliokuwa wakitoa rekodi kila mwaka kupitia lebo ya chuo, Electric Honey. Kawaida yao ilikuwa wimbo mmoja. Murdoch alikuja na nyimbo za kujaza albamu nzima, basi wakamwachia albamu nzima. Akakusanya wenzake, akina Stuart David, Stevie Jackson, Isobel Campbell, Chris Geddes na Richard Colburn, wakairekodi kwa siku tatu: ndiyo Tigermilk. Siku tatu! Zikachapwa santuri 1,000, basi. Sikiliza wimbo wa kwanza kabisa, "The State I Am In". Kijana anafunga ndoa ili kumwokoa mgeni asifukuzwe nchini, anakwenda kuungama, na padri anaigeuza siri yake kuwa kitabu. Yote hayo yanaimbwa kwa sauti ya chini, bila haraka, huku bendi ikiingia taratibu nyuma yake hadi unagundua kwamba umeacha kupumua.

Mwaka haujaisha, Novemba 1996, wakatoa If You're Feeling Sinister. Hii, ndugu msomaji, ndiyo yenyewe. Jalada jekundu, nyimbo kumi, na hakuna hata mmoja wa kuruka. Katika wimbo uliobeba jina la albamu unasikia watoto wakicheza, kisha gitaa linaingia na hadithi inaanza. Aliyelelewa na taarabu hatashangaa kusikia fidla na selo vikizungumza na mwimbaji badala ya kumpamba tu, lakini atashangaa jinsi vinavyokaa sawa na tarumbeta na ngoma za pop.

Halafu 1997 kukaja "Lazy Line Painter Jane", na hapa naomba uongeze sauti. Waliurekodi katika ukumbi wa kanisa, na unausikia ukumbi wenyewe. Murdoch anaanza kwa unyonge wake, mara anaingia mwimbaji Monica Queen na sauti inayopasua paa, kinanda kinawaka, bendi nzima inakimbia mbele kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Sijui jinsi mtu anavyoweza kuusikia akabaki ameketi.

Miaka hiyo walikwepa mahojiano na picha, lakini mashabiki hawakukwepa chochote. Februari 1999 waliwapigia kura hadi bendi ikanyakua tuzo ya Brit ya wasanii wapya mbele ya Steps, kundi lililokuwa likiuza rekodi kwa wingi wa ajabu. Miezi miwili baadaye bendi iliandaa Bowlie Weekender katika kambi ya likizo pwani ya kusini ya Uingereza, tamasha lililozaa matamasha ya All Tomorrow's Parties.

Albamu ya 2000 naiona imelegea. Stuart David aliondoka mwaka huo, na Isobel Campbell akafuata 2002. Bendi nyingine zingekufa hapo. Hawa wakamchukua Trevor Horn, prodyuza aliyeling'arisha kundi la Frankie Goes to Hollywood, wakatoa Dear Catastrophe Waitress mwaka 2003, na ghafla wale watu wa kunong'ona wakawa wanacheza! Fidla zimepanuka, gitaa za Stevie Jackson zimepata meno, na "Stay Loose" inayofunga albamu ni dakika sita na ushee za furaha tupu. The Life Pursuit ya 2006 ikapanda hadi namba nane Uingereza, nami naielewa kabisa Uingereza.

Na usipitwe na "Nobody's Empire" ya 2015. Hapo Murdoch anaurudia ule ugonjwa wa ujanani waziwazi, juu ya mdundo unaosonga mbele kwa uthabiti. Mwaka 2024 akatoa riwaya yenye jina hilo hilo.

Anza na If You're Feeling Sinister, nenda Dear Catastrophe Waitress, kisha rudi Tigermilk. Vaa vipokea sauti, soma maneno ya nyimbo huku ukisikiliza, na tafadhali usiziruke. Kwangu mimi, hakuna bendi ya pop iliyotoka Scotland inayoifikia hii.