Mikwaju 30 iliyompa Cameron Smith taji la St Andrews

Jumapili ya mwisho ya mashindano ya gofu ya Open ya 150, Julai 2022, Rory McIlroy alizifikia grini zote 18 bila kuchelewa hata moja. Kwa kawaida anayecheza hivyo huondoka na kombe. Tatizo ni kwamba kila alipofika alihitaji kusukuma mara mbili, jumla mara 36, akafunga siku kwa mikwaju 70. Cameron Smith wa Brisbane, aliyeianza siku akiwa nyuma yake kwa mikwaju 4, alipiga 64. Mashimo tisa ya mwisho aliyamaliza kwa mikwaju 30.

Wengi walisema mkono wake ulikuwa na moto siku ile. Ni kweli, lakini moto hautoshi kueleza alivyoshinda. Uwanja wa Old Course wa St Andrews una grini kubwa mno, na saba kati yake zinahudumia mashimo mawili kila moja. Kuifikia grini ya namna hiyo ni jambo dogo. Mpira unaweza kutua juu yake na bado bendera ikawa mbali, na vilima viwili katikati. McIlroy alicheza kwa usalama, akabaki na misukumo mirefu. Smith alizilenga bendera zenyewe. Kuanzia shimo la 10 hadi la 14 alipata berdi tano mfululizo, na ile ya 14 ndiyo iliyompitisha mbele.

Kisha likaja la 17, ambako wengi wameachia mataji yao. Mkwaju wake wa pili uliishia kabla ya grini, na bunka maarufu la Road Hole likawa kati yake na bendera. Mchezaji mwingine angechukua weji aurushe mpira juu ya mchanga. Lakini kiangazi kile ardhi ilikuwa kavu na ngumu. Weji ikigonga chini kidogo tu inadunda, mpira unaingia bunkani au unavuka hadi barabarani nyuma ya grini. Smith alichukua fimbo ya kusukumia. Nyasi za pale hukatwa fupi hata nje ya grini, kwa hiyo mpira unaweza kubiringika kutoka mbali. Akaupitisha kandokando ya bunka, ukapanda mteremko, ukasimama kama futi 10 kutoka shimoni. Hakujaribu kuupeleka karibu zaidi, kwa sababu njia ya karibu ilipita mchangani. Halafu akaingiza, akaokoa 4 yake.

Kwangu huo ndio mkwaju wa siku, kuliko berdi zote tano. Siku moja kabla, kwenye shimo la 13, alikuwa amesimama miguu ikiwa ndani ya bunka na mpira ukiwa nje, akalazimisha pigo la kishujaa na kutoka na 6 kwenye shimo la mikwaju 4. Alimaliza Jumamosi kwa 73. Jumapili ushujaa aliuacha hotelini.

Shimo la 18 lilikuwa na presha yake. Cameron Young, aliyecheza pamoja na Smith, alimaliza kwa mikwaju 2 tu, akafika 19 chini ya kiwango, sawa na Smith kwa dakika hiyo. Smith alikuwa ameshausogeza mpira karibu kutoka mbele ya grini. Akaugonga ndani, akawa 20 chini, jumla 268. Tangu Greg Norman mwaka 1993 hakuna Mwaustralia mwingine aliyekuwa ameshinda Open, na pale St Andrews penyewe wa mwisho alikuwa Kel Nagle, 1960, aliyempita Arnold Palmer kwa mkwaju mmoja.

McIlroy, kundi moja nyuma, sasa alihitaji 2 kwenye shimo hilo ili wafungane. Akapata 4.