Njia ya Mikeka

Ukiingia nyumbani kwa mama mdogo siku hizi, utakutana kwanza na mikeka. Si ya ukindu. Ni ile ya mpira yenye matundu, inayotandikwa jikoni ili mpishi asiteleze. Aliikata kwa kisu cha zulia, akaunganisha vipande kwa upande wa chini, kisha akavipanga kutoka chumba anacholala Chui, kupitia sebuleni na jikoni, hadi mlango wa nyuma na kuishia kwenye nyasi. Nyumba ina vigae vinavyong'aa, na vigae ni adui wa mbwa mwenye miguu mitatu. Kona moja ya mkeka karibu na jiko ilikuwa ikijikunja. Aliibandua, akaikata mviringo, akaibandika upya. Wageni hupita pembeni.

Chui ni Rottweiler wa miaka minane. Mwaka jana alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Daktari wa kwanza alisema ameteguka, akaandika dawa ya maumivu ya siku kumi. Mama mdogo alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Aliziacha siku kumi ziishe, ndipo akapiga magoti na kupapasa juu kidogo ya kifundo. Akakuta joto, na uvimbe mgumu usiobonyea. "Mguu ulioteguka hauwi hivi," aliniambia kwenye simu, na siku hiyo hiyo akampeleka kliniki nyingine, hapa hapa Nairobi, yenye mashine ya eksirei. Picha ilionyesha mfupa ulioliwa kama boriti iliyoingiwa na mchwa: ganda la nje lipo, ndani ni unga.

Ugonjwa unaitwa osteosakoma, saratani inayowapata mbwa mifupani kuliko nyingine zote, hasa wale wenye maumbo makubwa. Madaktari wa mifugo wana njia fupi ya kukumbuka inapopenda kukaa: mbali na kiwiko, karibu na goti. Wa Chui ulikuwa mbali na kiwiko. Ubaya wake ni kwamba unapoonekana mguuni, kwa mbwa tisa hivi kati ya kumi mbegu zake zimekwisha kusafiri, mara nyingi hadi mapafuni, zikiwa ndogo mno kuonekana kwenye picha. Kwa hiyo mguu hukatwa ili kuondoa maumivu, na dawa hutumwa kuwafuata waliokwisha kukimbia.

Mguu uliondolewa pamoja na mfupa wa bega, ili pasibaki kigutu cha kugonga kila mahali. Ubavu ulibaki laini, na nyuzi zikapita juu yake kama mshono wa mto. Kazi ya mama mdogo ilianzia hapo, na kifaa chake cha kwanza kilikuwa leso. Aliikunja mara nne kwa urefu, akaipitisha chini ya kifua, nyuma ya mguu uliobaki, akashika ncha zote mbili juu ya mgongo. Nilipojaribu mimi, nilimvuta mbwa juu kama gunia. Akanipokonya. "Isimbebe, mwanangu. Ikae tu hapo, ajue ipo." Mikononi mwake leso ililegea karibu muda wote, na ilikaza mara moja tu, Chui alipojikwaa kizingitini, kisha ikalegea tena kabla mbwa mwenyewe hajashtuka.

Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Chui sasa alikuwa na mmoja wa kufanya kazi ya miwili, na alijifunza polepole: kichwa kinapanda, mguu unatupwa mbele na kutua katikati ya kifua, si pembeni tena, kisha miguu ya nyuma inafuata kwa pamoja. Mama mdogo alihesabu hatua kabla ya kila pumziko na kuziandika katika daftari la mistari lenye jalada la bluu. Siku ya tatu, hatua sita. Siku ya tisa aliandika "nyasi", basi.

Nyuzi zilipotolewa ndipo zikaanza safari za kliniki, moja kila siku 21. Nilimsindikiza mara mbili, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumchoma mbwa sindano ya saratani ni sehemu ndogo ya kazi yenyewe.

Kwanza mizani. Kilo 36. Dawa hii, kaboplatini, haipimwi kwa kilo bali kwa eneo la mwili, kwa mita za mraba. Mbwa wa kilo 36 huhesabiwa kuwa na mita ya mraba 1.1. Kila mita hupewa miligramu 300, kwa hiyo Chui anahitaji 330. Kichupa kina miligramu 10 katika kila mililita. Daktari alipiga hesabu yake ukutani, kwenye ubao mweupe. Mama mdogo, akiwa amempa kisogo, alipiga ya kwake nyuma ya daftari. Kisha wakageukiana.

"Thelathini na tatu, Sista?"

"Thelathini na tatu, daktari."

Hakuna aliyecheka. Wodini, alinieleza baadaye, dawa kali husomwa na watu wawili, na wa pili hasomi kwenye karatasi ya wa kwanza.

Kisha damu. Kaboplatini haichagui sana. Huua seli zinazogawanyika haraka, na zile za ndani ya mifupa zinazotengeneza damu ni miongoni mwazo. Kliniki hiyo haitoi dawa ikiwa neutrofili, yaani zile chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, ziko chini ya 2,000 katika kila mikrolita, wala ikiwa chembe za kugandisha damu ziko chini ya 100,000. Katika safari ya pili neutrofili zilikuwa 1,700. Nilitazama kichupa kilichokwisha kununuliwa, nikafikiria teksi, foleni, asubuhi nzima iliyopotea. Nikauliza kama 300 ni pungufu kubwa kiasi hicho. Mama mdogo alikuwa ameshaanza kufunga mkanda wa Chui. Tulirudi nyumbani, tukangoja wiki moja, tukaja tena. Zilikuwa 3,400.

Siku hiyo nilisimama karibu na meza. Daktari alivaa glovu mbili mbili, aproni isiyopitisha maji, barakoa na miwani. Mkono wake, alisema, ulifundishwa na vinkristini. Madaktari wengi wa mbwa katika nchi zetu wameizoea dawa hiyo kwa sababu ya ule uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wanapopandana, ambao hupona kwa sindano za kila wiki. Vinkristini ikivuja nje ya mshipa huchoma nyama. Aliyejifunza kwa dawa kama hiyo hana mzaha na branula.

Mshipa wenyewe ulikuwa suala. Mbwa mwenye miguu minne ana mishipa miwili mizuri mbele na miwili nyuma. Chui amebakiwa na mmoja mbele, na mguu huo ndio unaombeba. Kwa hiyo katika daftari kuna mchoro wa mbwa, mbaya kwa kweli, unafanana na meza iliyovunjika, na kila mguu una tarehe zake. Nyuma kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Mshipa wa mbele umewekwa akiba. Daktari alinyoa manyoya upande wa nje wa mguu wa nyuma, juu ya kisigino, akafuta kwa spiriti, akangoja ikauke. Alingoja kweli, mikono ikiwa hewani. Mama mdogo alizungusha kiganja chake juu ya goti la mbwa na kubana, mshipa ukajitokeza kama uzi chini ya kitambaa. Branula iliingia mara moja. Damu ikaonekana kwenye kishina. Plasta tatu: moja chini, moja ya kuvuka, moja ya kufunika. Wakasukuma maji ya chumvi kwanza, mama mdogo akiwa ameweka kidole juu ya ngozi mbele ya sindano, akisikiliza kwa ncha ya kidole kama kuna kinachovimba. Hakuna.

Dawa haina rangi. Ukiiweka katika gilasi utadhani ni maji. Ndani yake mna platinamu, ile ile ya pete za arusi, na ndiyo maana sindano yenye alumini haitakiwi kuigusa: vikikutana hutoka mashapo meusi na dawa hupoteza nguvu. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Michigan State huko Marekani, Barnett Rosenberg alikuwa akipitisha umeme ndani ya maji yenye bakteria, akakuta wamerefuka kama nyuzi bila kugawanyika. Kilichowazuia kilikuwa platinamu iliyokuwa ikimeguka kutoka kwenye vyuma vya kupitishia umeme. Kutokana na hapo ikapatikana sisplatini, inayotesa figo, na baadaye mdogo wake huyu aliye mpole zaidi kwa figo. Kwa dakika kama ishirini ilishuka tone kwa tone, Chui kidevu chake kikiwa kwenye paja la mama mdogo, macho nusu. Nilitamani kusema kitu. Hapakuwa na nafasi ya kusema. Mmoja alikuwa akitazama matone, mwingine akitazama ngozi.

Nyumbani, siku tatu za kwanza ni za glovu. Dawa hutoka kwa mkojo na kinyesi, kwa hiyo Chui anakojoa mahali pamoja pa nyasi, panapomwagiwa maji mengi mara moja, na wajukuu hawafiki upande huo. Anapewa kidonge cha kuzuia kutapika kabla hajatapika, si baada. Chakula ni kidogo mara nne: ugali laini, mchuzi wa maini, hakuna mafuta. Siku moja alikataa. Mama mdogo hakumbembeleza wala kumsukumia bakuli mdomoni, kwa kuwa mbwa akilazimishwa chakula akiwa na kichefuchefu hukichukia chakula hicho hata akipona. Aliondoa bakuli, akaliosha harufu ikaisha, akajaribu jioni kwa samaki wa kuchemsha. Akala.

Kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne ndipo chembe nyeupe huwa chini kabisa, na hapo mama mdogo huwa mtu mwingine. Asubuhi na jioni kipimajoto, kilichopakwa mafuta ya mgando. Mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39.2. Ikifika 39.5 anapiga simu, hata iwe saa nane usiku. Haijafika. Lakini kila namba imo daftarini, 38.4, 38.6, 38.5, kurasa kwa kurasa za siku ambazo hakuna kilichotokea.

Manyoya hayakunyonyoka kama watu wanavyotarajia; mbwa wengi hubaki nayo. Sharubu tu zilidondoka, na pale aliponyolewa kwa ajili ya branula panachelewa kuota. Jirani mmoja alimtazama akauliza, kwa heshima zote, kama fedha hizo hazingemfaa mwanadamu. Mimi pia nilikuwa nimeuliza, tena bila heshima hiyo. Mama mdogo alimjibu jirani kwamba amewahudumia wanadamu miaka 31, akamwongezea chai.

Dawa sasa imekwisha, zote nne. Nilidhani kazi imekwisha pia. Mbwa anayekatwa mguu bila dawa huishi kwa kawaida miezi minne au mitano. Akipata dawa, kumi hadi kumi na miwili. Na mmoja hivi kati ya watano huuona mwaka wa pili. Daktari aliyasema haya siku ya kwanza kabisa, mama mdogo akayaandika ukurasa wa kwanza, na sijamwona akiufungua tena. Huu ni mwezi wa nane.

Anachofanya sasa ni kuhifadhi miguu mitatu iliyobaki. Kila Jumapili anakata kucha, na kwa mkasi wenye ncha butu anapunguza manyoya kati ya vidole ili nyama ya wayo ikamate sakafu. Anapitisha viganja kwenye mbavu: lazima azihisi bila kubonyeza, maana kila kilo ya ziada inaushukia mguu mmoja wa mbele. Anamfanyisha kuketi na kusimama mara nane, taratibu, akishika kipande cha karoti juu ya pua yake, kulia, kushoto, ili shingo na mgongo visigande.

Na kila miezi miwili kuna picha za kifua, tatu: akilalia kulia, akilalia kushoto, akilala chali. Moja haitoshi, kwa sababu pafu la upande wa chini husinyaa na linaweza kuficha doa. Mara ya mwisho daktari alizitazama muda mrefu, akamsogezea mama mdogo kiti, naye akazitazama muda mrefu zaidi. Mapafu yalikuwa meusi na safi. Walipanga tarehe ya nyingine.

Kati ya picha na picha anahesabu pumzi. Jana jioni nilimkuta chumbani kwa Chui, taa imezimwa, mlango wazi, ameketi kwenye kigoda na ile saa yake ya wodini, ya kubanwa kifuani, ikiwa kiganjani. Mbwa alikuwa amelala ubavu usio na mguu. Nilisimama. Kifua kilipanda, kikashuka. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Dakika nzima, si nusu dakika ya kuzidisha kwa mbili. Akavuta daftari, akaandika 22, tarehe na saa, kisha bila kugeuka akaniambia, "Toka hapo kwenye mkeka, mwanangu. Akiamka atapita hapo."

Nikasogea kwenye vigae.