Manganisi Katika Ufinyanzi: Uhakiki wa Rangi

Katika mijadala ya sanaa za ufundi, rangi ya chombo husifiwa upesi kuliko jambo jingine lolote. Bakuli likimeremeta twaliita zuri. Likikosa mng'ao twaliita la kizamani. Hukumu ya namna hii ni nyepesi mno. Mhakiki wa fasihi haridhiki na utamu wa maneno bila kuchunguza yametumikaje. Vivyo hivyo, mhakiki wa ufinyanzi hana budi kuuliza rangi imetoka wapi, inafanya kazi gani katika chombo, na imemgharimu nini aliyeitia. Tutachunguza hapa rangi moja tu, ile itokanayo na manganisi.

Kaboneti ya manganisi ni unga laini wenye rangi ya waridi iliyofifia. Mfinyanzi huuchanganya katika utando wa kioo, yaani ule urojo unaopakwa juu ya chombo na kuyeyuka jokoni. Mtu akiutazama unga huo hawezi kubashiri rangi itakayotokea, maana rangi huamuliwa na vitu unavyokutana navyo motoni. Penye magadi mengi hutoa zambarau. Katika tando nyingi nyingine hutoa kahawia. Na manganisi nyingi ikichanganywa na shaba hung'aa mithili ya dhahabu kongwe. Mafundi wengine hutumia dioksaidi ya manganisi, ambayo ni nyeusi na ina nguvu zaidi. Katika gramu 100 za dioksaidi mna gramu 63 hivi za manganisi, ilhali katika kaboneti mna gramu 48 hivi. Lakini kaboneti, kwa ulaini wake, husambaa sawasawa, na dioksaidi huelekea kuacha madoadoa. Hata hivyo kaboneti nayo ina kasoro: ipatapo moto hutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo yaweza kuacha vitundu katika utando.

Mfinyanzi aliyeitumia manganisi kwa ustadi mkubwa ni Lucie Rie. Alizaliwa Vienna mwaka 1902, akahamia London mwaka 1938, akafariki huko mwaka 1995. Katika baadhi ya vikombe vyake vya miaka ya 1950, nje ni kahawia iliyokaribia weusi, na ndani ni nyeupe. Juu ya kahawia hiyo alichora kwa sindano mistari myembamba iliyofichua udongo wa chini. Mistari hiyo si pambo la bure. Kahawia ya manganisi ni rangi nzito. Bila mistari, kikombe kingeonekana kama kipande cha kaa. Aidha, Rie aliupaka utando kwa brashi juu ya chombo kibichi, akakichoma mara moja tu. Kwa hiyo udongo na rangi viliingia motoni pamoja, na ndiyo maana hatuwezi kutenga fani na maudhui katika kazi zake.

Katika mabakuli yake ya baadaye, manganisi na shaba hutiririka kutoka ukingoni kama asali. Hapa twasifu, lakini kwa hadhari. Mng'ao ule wapendeza kwa kuwa bakuli lenyewe ni jembamba na limesimama juu ya kitako kidogo. Anayeuiga na kuumimina juu ya chombo kilichofinyangwa ovyo ameficha udhaifu wa umbo lake tu.

Tena ifahamike kwamba Rie alivutiwa na ufundi wa kuchora mistari alipoviona vyungu vya kale katika makumbusho ya Avebury, Uingereza. Vyungu hivyo havikuwa na utando wa kioo. Basi ni kosa kuudhania utando kuwa daraja la juu la maendeleo, na kuvidharau vyungu vya wanawake wa Kikisi wa Ziwa Nyasa kwa kuwa huchomwa kwa moto wa wazi bila utando wowote. Chungu hupimwa kwa umbo lake, wembamba wake na kazi yake.

Limebaki suala la gharama. Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Katika manganisi msemo huu una uchungu zaidi, kwa kuwa mnunuzi huondoka na rangi, naye fundi hubaki na vumbi. Mwaka 1837 daktari Couper wa Glasgow aliandika habari za wafanyakazi waliosaga dioksaidi ya manganisi: viungo viliwalegea, wakatembea wakiinama, na sauti zao zikafifia. Vumbi likivutwa kwa muda mrefu hudhuru ubongo, na moshi wa joko hudhuru pia. Kwa hiyo mwalimu anayetaka wanafunzi wake waitumie rangi hii hana budi kuhakikisha kwamba wamefunika pua kwa barakoa ya kuzuia vumbi, joko liko mahali penye hewa ya kutosha, na meza zinapanguswa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa. Utando wenye manganisi nyingi usipakwe ndani ya vyombo vya kulia, kwani siki na ndimu huweza kuitoa.

Masharti haya yasipotimizwa, afadhali darasa lifanye kazi kwa udongo mwekundu na jiwe la kusugulia. Chombo kitakachotoka hapo kitastahili kuhakikiwa sawa na chombo kingine chochote.