Kumsikiliza Mbaraka kwa Namba

Huku Nambambo, kusini mwa Tanzania, kama kwingineko Nachingwea na Ruangwa, watu walimjua mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe kwa redio. Redio Tanzania Dar es Salaam iliziita bendi studioni, ikazirekodi, ikazipiga hewani, na mwenye redio ya betri akawaburudisha majirani wote. Ndiyo maana utampata mzee wa hapa anayeweza kukuimbia "Shida" mwanzo hadi mwisho, na maisha yake yote hajawahi kuishika santuri yake. Naiheshimu sana elimu hiyo ya kusikia. Lakini redio huchagua, na ikishachagua hurudia, mpaka mwimbaji aliyefanya kazi usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 10 anabaki na nyimbo zinazohesabika kwa vidole. Mkusanyaji wa santuri anazifuata zile nyingine. Kazi yake ni kumrudisha mwimbaji akiwa mzima.

Santuri za huku hazipatikani dukani. Ziko juu ya makabati, kwenye masanduku ya bati, chini ya vitanda, mara nyingi katika nyumba ambayo gramafoni yake ilikufa zamani. Korosho zilipouzwa vizuri, watu walinunua baiskeli, redio, na wachache walinunua gramafoni. Wenyewe wengi wametangulia, na waliobaki na santuri ni wajane na watoto. Kwa hiyo ufundi wa kwanza ni wa kubisha hodi. Huingii nyumba ya watu ukaulizia mali. Unatoa shikamoo, unaketi, unapokea maji, unauliza hali ya shamba na ya wajukuu, kisha unamuulizia marehemu: alipenda bendi gani, alicheza wapi dansi. Bibi akianza kucheka peke yake, mambo yameiva. Ataagiza sanduku lishushwe. "Hizi za marehemu, mwanangu. Siziuzi. Sikiliza tu." Basi unasikiliza tu, unaandika, unashukuru, unaondoka mikono mitupu, na ziara hiyo imefaulu. Anayefikiri kukusanya ni kumiliki hatadumu katika kazi hii.

Halafu kuna kusafisha. Udongo wetu ni mwekundu, na vumbi lake ni laini kama unga. Likiingia kwenye mifuo ya santuri, sindano inalisaga na kulichimbia humo. Kabla ya kupiga chochote, osha. Santuri za plastiki, zile za spidi 45 na 33, zinakubali maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifuo, bila kuilowesha lebo ya katikati. Zile za zamani za spidi 78 ni suala jingine. Nyingi zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu, na spiriti inaiyeyusha shelaki; tone moja tu la spiriti ya hospitali linaweza kufuta sauti iliyodumu miaka 70. Pia ni nzito na zinavunjika kama sahani ya udongo. Zote zisimamishwe wima, mbali na jua na bati la paa, maana joto letu la Oktoba linaikunja plastiki. Mchwa hawana hamu na santuri yenyewe, ila bahasha yake ya karatasi wanaipenda, na bahasha ikiliwa imeliwa nusu ya habari.

Habari hizo ndizo utamu wenyewe. Lebo ya santuri ndogo ni hati fupi: jina la wimbo, bendi, mtunzi, kampuni, namba. Ukiinamisha santuri kwenye mwanga, utaona namba nyingine iliyochorwa kwenye eneo tupu karibu na lebo, iliyowekwa na fundi wa kiwandani. Mara nyingi tarehe haimo. Namba ndizo zinazokupa mpangilio. Panga santuri za mwimbaji mmoja kwa namba za kampuni moja, na maisha yake yanaanza kujipanga: huyu bado yuko na bendi ile, hapa kabadilisha mpiga besi, hapa bendi ina jina jipya.

Kwa Mbaraka jambo hilo linatia hamasa. Alizaliwa 1944, akaingia Morogoro Jazz Band katikati ya miaka ya 1960 akiwa kijana mdogo, na gitaa lake likamfanya aitwe "Soloist National". Mwaka 1970 bendi iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, na safari ile ikazaa wimbo, "Expo 70". Mwaka 1973 aliondoka akaunda Super Volcano. Haya unaweza kuambiwa na mtu yeyote. Santuri zinakuambia kilichokuwa kikitokea katikati: gitaa linaloanza kwa kuwafuata wengine, wimbo baada ya wimbo linasogea mbele, mpaka siku moja linauliza na sauti inajibu. Huwezi kuusikia mwendo huo katika wimbo mmoja maarufu. Unahitaji na zile za kawaida, na zile ambazo, niseme wazi, hazikufaulu. Wimbo ambao Mbaraka anaonekana kutafuta kitu na hakipati nimeupenda kuliko nyimbo zake kadhaa zilizoshangiliwa, kwa sababu ndani yake namsikia akifanya kazi.

Upande mmoja wa santuri ya spidi 45 ulibeba dakika chache tu. Wimbo wa dansi wa Afrika Mashariki ulikuwa mrefu zaidi, hivyo ukagawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Mara nyingi hadithi iliimbwa upande wa kwanza, taratibu, beti kwa kiitikio, na chemko likangoja upande wa pili, magitaa yakiingiliana na waimbaji wakiwaachia njia. Mtu wa santuri lazima ainuke, anyanyue mkono wa sindano, ageuze. Wanaosikiliza kwenye simu wameunganishiwa pande zote mbili na hawajui kulikuwa na kituo. Mimi naona kituo kile ni sehemu ya utunzi. Mbaraka alikuwa msimulizi, wa mashemeji, wa pesa, wa mapenzi yaliyoharibika, na alijua kuwa kisa chake kitakatwa hapo. Wasikilizaji wanapata nafasi ya kuulizana nani mwenye makosa kabla ya miguu kuchukua zamu.

Ukimfuata kwa kurudi nyuma unafika kwa Salum Abdallah, wa Morogoro hiyohiyo, kiongozi, hadi alipofariki 1965, wa Cuban Marimba, bendi iliyokuwa na upinzani mkali na Morogoro Jazz. Na nyuma ya Salum kuna santuri tena: mfululizo wa G.V. uliotolewa na kampuni ya HMV kuanzia 1933 kwa soko la Afrika, ambao santuri yake ya kwanza, G.V. 1, ilikuwa "El Manisero" wa Don Azpiazú wa Cuba. Vijana wa pwani na bara waliisikia Cuba kupitia vipande hivyo vya shelaki, wakajibu kwa Kiswahili. Jina Cuban Marimba linakiri deni hilo waziwazi. Nikisikia mdundo wa Kicuba ndani ya wimbo wa Morogoro, kisha nikaukuta umebaki kivuli tu ndani ya gitaa la Mbaraka miaka kadhaa baadaye, nashukuru kwamba kuna mtu alizitunza santuri zote tatu, ya Cuba, ya Salum na ya Mbaraka.

Kuzipata na kuzitunza hakukuwa rahisi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, zilitoka Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na mpaka kufungwa, njia ya santuri ikabana. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34, na kampuni ya Nairobi ikamkusanya katika santuri kubwa zilizoitwa "Ukumbusho". Ni mfululizo mzuri, na wengi wameanzia hapo. Lakini umeondoa mfuatano wa awali, na ndiyo maana santuri ndogo bado zinatafutwa, hata kwenye vibanda vya Kenyatta Market kule Nairobi, ambako wateja wa Ulaya hulipa bei ambayo mtu wa Nambambo hawezi kushindana nayo.

Anachoweza kufanya mtu wa Nambambo ni kuandika. Daftari langu lina safu za wimbo, bendi, kampuni, namba ya lebo, namba iliyochorwa, na hali ya kila upande, kisha safu ya mwisho ya maneno ya mwenye nyumba: nani aliinunua, wapi, msimu gani wa korosho, na nani alicheza. Santuri ya bibi aliyekataa kuuza imo humo kama zile nilizo nazo. Wakusanyaji wa Lindi, Masasi na Mtwara wakileta madaftari yao, tutaziona namba zinazorukwa, na kila namba iliyorukwa huenda ni wimbo wa Morogoro ulioko juu ya kabati la mtu huku kusini.