Dola 1,300 kwa Miezi 84

Samsung ilipoizindua Galaxy S24 Ultra mjini San Jose, California, tarehe 17 Januari 2024, bei iliyotangazwa kwa soko la Marekani ilikuwa dola 1,300 kasoro senti moja kwa simu yenye hifadhi ya GB 256. Mtangulizi wake, S23 Ultra, alianzia dola 1,200 mwaka mmoja kabla. Kilichopigiwa debe zaidi kuhalalisha nyongeza hiyo kilikuwa akili mnemba, kisha fremu ya titani. Lakini ndani ya tangazo lilelile mlikuwa na ahadi ya masasisho ya miaka saba, na kwa mtu mwenye kalamu na karatasi, hiyo ndiyo iliyogeuza hesabu yote.

Simu ya daraja la juu ikitoka, swali huwa moja: inafaa bei yake? Majibu mengi huyumba kwa sababu kipimo chenyewe kibovu.

Kipimo kinachopendwa sana ni vipuri. Mwaka 2017 Apple ilipouza iPhone X kwa dola 999, kampuni ya utafiti ya IHS Markit iliifungua simu hiyo, ikajumlisha gharama ya vilivyomo na kupata dola 370.25. Kioo chake pekee kilikadiriwa dola 110. Wengi waliosikia walikata shauri palepale kwamba mnunuzi ananyonywa zaidi ya dola 600. Hesabu ile haikuwa na mishahara ya wahandisi, wala gharama ya kuandika programu, kusafirisha, kutangaza na kubeba dhamana. Hata hivyo kasoro yake kubwa haipo hapo. Hata vyote hivyo vikiongezwa, jibu litakalopatikana ni faida ya muuzaji, si manufaa ya mnunuzi. Anayegoma kula pilau hotelini kwa sababu anajua bei ya mchele sokoni amejifunza jambo kuhusu mwenye hoteli, ila kuhusu pilau hajajua kitu.

Kipimo cha pili ni orodha ya sifa: megapikseli ngapi, RAM kiasi gani, prosesa ipi. Hapa simu ya bei kubwa hushinda karibu kila mstari, na ushindi huo haumsaidii mtu kuamua lolote.

Kipimo chenye mashiko ni bei kwa mwezi wa uhai. Uhai wa simu janja kwa maana hii hauishii siku kioo kinapopasuka, bali siku mtengenezaji anapoacha kuipelekea masasisho ya usalama. Simu isiyosasishwa bado itapiga na kupokea. Mianya inayogunduliwa katika programu yake endeshi, hata hivyo, hubaki wazi, na baada ya muda programu za benki huanza kuikataa. Kwa Mkenya au Mtanzania anayeweka mishahara na michango yote kwenye simu, hilo si jambo la wataalamu peke yao. Anayetuma pesa kwa menyu ya laini kwenye simu ya vitufe haguswi sana na hoja hii. Anayetumia programu ya benki anaguswa moja kwa moja.

Tugawanye basi. S23 Ultra iliahidiwa miaka mitano ya masasisho ya usalama, yaani miezi 60. Dola 1,200 kwa miezi 60 ni dola 20 kwa mwezi. S24 Ultra ina miezi 84, na dola 1,300 zikigawanywa humo zinatoa dola 15.48. Simu iliyopandishwa bei kwa dola 100 imeshuka bei kwa karibu robo. Samsung haikufanya hivyo kwa ukarimu: Google ilikuwa imeshatangulia Oktoba 2023 kwa kuipa Pixel 8 miaka saba, na Pixel 8 ilianzia dola 699.

Atakayepinga atasema hakuna anayekaa na simu moja miaka saba. Wapo, ila tukubali kwamba si wengi. Hesabu haibomoki, inabadilika umbo tu. Anayeiuza baada ya miaka miwili achukue bei aliyonunulia, atoe bei aliyouzia, kisha agawanye kwa 24. Bei ya kuuzia nayo hutegemea miezi iliyobaki, maana mnunuzi wa pili mwenye akili timamu analipia kile ambacho wa kwanza hakukitumia. Kabla ya ahadi ya miaka saba, simu ya Android ya miaka mitatu iliyoingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue ilikuwa imebakiza muda mfupi sana wa ulinzi. Sasa inaweza kuingia ikiwa na zaidi ya nusu ya uhai wake.

Kikwazo cha kweli ni betri. Mtu akitumia robo tatu ya chaji kila siku, kwa miaka saba atakuwa amemaliza mizunguko kamili zaidi ya 1,900. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinadai betri ya simu ibakize asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Kwa hiyo hata betri nzuri kwa kiwango hicho haiwezi kufika miaka saba ikiwa na nguvu, na mwenye S24 Ultra atarajie kuibadili mara moja, pengine mbili. Betri ya simu hiyo imegundishwa ndani, na kuifikia kunahitaji kuondoa kioo cha mgongoni kwa joto, kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu. Tuchukulie mwenye simu anatenga dola 100 kwa betri mbili na ufundi wake: bei ya mwezi inapanda hadi dola 16.67. Bado iko chini ya ile 20.

Umuhimu wa betri katika hesabu hii si wa kufikirika. Desemba 2017 John Poole wa Primate Labs, watengenezaji wa kipimo cha kasi kiitwacho Geekbench, alichapisha takwimu zilizoonyesha iPhone 6s na 7 nyingi zikifanya kazi kwa kasi pungufu kuliko zilipokuwa mpya. Apple ikakiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Baada ya kelele, kampuni ilishusha gharama ya kubadili betri kutoka dola 79 hadi 29. Watu waliokuwa wakijiandaa kutumia mamia ya dola kwa simu mpya waligundua kwamba prosesa waliyodhani imezeeka ilikuwa nzima kabisa.

Linganisho na simu ya mwaka jana halitoshi lakini. Simu ya daraja la juu lazima ipimwe pia dhidi ya ile ya chini kabisa ambayo mtu angeweza kuridhika nayo. Samsung hiyohiyo ilitoa Galaxy A15 5G, iliyouzwa Marekani kwa dola 200 ikiwa na ahadi ya miaka mitano ya masasisho ya usalama. Hiyo ni dola 3.33 kwa mwezi. Tofauti yake na Ultra ni kama dola 12 kila mwezi. Hapo swali linakuwa dogo, na la kweli zaidi: mnunuzi anapata nini kwa zile 12?

Betri hapati. Zote mbili zina mAh 5,000, ingawa Ultra huchaji kwa wati 45 na A15 kwa 25. Kioo anapata, na nje ya nyumba tofauti ni kubwa: mwangaza wa juu wa A15 ni niti 800, wa Ultra 2,600. Juu ya hapo kuna kioo cha Corning kiitwacho Gorilla Armor, ambacho mtengenezaji anasema kinapunguza mng'ao unaorudi machoni hadi asilimia 75. Anayesoma ujumbe saa saba mchana ufukweni Mombasa ataiona tofauti hiyo kila siku. Atapata pia kinga ya maji ya kiwango cha IP68, yaani mita moja na nusu kwa dakika 30 katika maji baridi. Maji ya chumvi hayamo katika ahadi hiyo, na watu wa pwani walikumbuke hilo.

Kisha kamera, mahali ambapo pesa nyingi zaidi zimekwenda. Sensa kuu ya Ultra ina megapikseli 200, namba inayosikika kama porojo za muuzaji. Kila pikseli ina upana wa mikromita 0.6, ndogo mno kukusanya mwanga wa kutosha usiku. Kwa hiyo simu huunganisha pikseli 16 zifanye kazi ya moja, na picha ya kawaida hutoka na megapikseli 12 au zaidi kidogo. Ile 200 kamili hufaa mchana, kwa atakayekata kipande cha picha baadaye au kuchapisha bango. Wajuzi wa mitaani wanaohesabu ubora kwa "macho matatu" au manne mgongoni wangefanya vyema kuuliza ukubwa wa sensa kabla ya idadi ya macho.

Lenzi ya mbali ndiyo ilileta ubishi. S23 Ultra ilikuwa na lenzi ya kuvuta mara kumi yenye megapikseli 10. S24 Ultra iliiondoa, ikaweka ya kuvuta mara tano yenye megapikseli 50. Mashabiki walilalamika kwamba wamepunjwa. Hesabu inasema vingine: ukikata sehemu ya katikati ya picha ya megapikseli 50 ili kupata mvuto maradufu, unabakiwa na robo ya pikseli, yaani 12.5, zaidi ya zile 10 za zamani. Na kati ya mara tano na mara kumi, ambako picha nyingi za watu jukwaani au wanyama mbugani hupigwa, simu mpya ina data halisi ya kufanyia kazi pale ambapo ya zamani ilikuwa ikinyoosha picha ya lenzi yake ya mara tatu.

Kuhusu mvuto wa mara mia na picha za mwezi, bora kunyamaza, ama kusema kwa ufupi. Machi 2023 mtumiaji mmoja wa S23 Ultra aliivuruga makusudi picha ya mwezi mpaka alama zake zikapotea, akaionyesha kwenye skrini ya kompyuta, akaipiga kwa simu kutoka mbali. Simu ikamrudishia mwezi wenye mabonde yake yote. Samsung ilieleza kwamba simu huutambua mwezi na kuuongezea undani. Uwezo wa namna hiyo usilipiwe hata senti.

Titani nayo inahitaji maelezo. Apple ilipokihama chuma cha pua na kwenda titani katika iPhone 15 Pro, uzito ulishuka kutoka gramu 206 hadi 187, kwa kuwa titani ni nyepesi kuliko chuma. Fremu ya Samsung ilikuwa ya alumini, ambayo ni nyepesi kuliko titani. Ndiyo maana S24 Ultra ina gramu 232 na S23 Ultra ilikuwa hapohapo karibu. Fremu imekuwa ngumu zaidi, sawa, lakini mkono hausikii tofauti.

Na akili mnemba, sababu iliyotangulizwa jukwaani? Tafsiri ya papo kwa papo ya mazungumzo ya simu ilizinduliwa na lugha 13, zikiwemo Kipolandi, Kithai na Kivietinamu. Kiswahili hakikuwemo. Kisha kuanzia tarehe 28 Machi 2024, miezi miwili tu baada ya S24 kuingia madukani, Samsung ilianza kupeleka sehemu kubwa ya uwezo huo kwa S23 Ultra kupitia sasisho la One UI 6.1, bila malipo. Aliyenunua simu mpya kwa sababu hiyo peke yake alilipia kitu ambacho jirani yake mwenye simu ya mwaka jana alikipata usingizini.

Kwa hiyo dola 12 za kila mwezi zinanunua kioo kinachosomeka juani, kamera ya mbali, prosesa yenye nguvu ya ziada na kalamu ya kuandikia kwenye kioo. Mpiga picha wa harusi anayerekodi video fupi za wateja huzirudisha kwa kazi moja. Mtu ambaye simu kwake ni WhatsApp, pesa na picha za watoto angekuwa anailipia Ultra kwa ajili ya macho ya watu, jambo ambalo nalo lina bei yake, ila lisiitwe kamera.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, bei za Marekani ni mwanzo tu. Hazijabeba VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, wala ushuru mwingine wa kuingiza. Achukue bei ya dukani kwa shilingi na agawanye vilevile. Zaidi ya hapo, ahakikishe uhai anaougawanya upo. Mwaka 2012 mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ilizima simu bandia, na Juni 2016 TCRA ikafanya hivyo Tanzania. Kubonyeza *#06# na kulinganisha namba ya IMEI na ile ya kwenye boksi kunachukua nusu dakika. Anayeletewa iPhone kutoka Marekani ajue kwamba kuanzia iPhone 14 za soko hilo hazina tundu la laini. Zinatumia eSIM peke yake.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayompa mnunuzi wa simu iliyotumika kikomo cha kupatana bei. Mwanzoni mwa 2024 S23 Ultra ilikuwa imebakiza miezi 48. Kwa kiwango cha dola 15.48 za mwezi, ilistahili dola 743 na si zaidi, ikiwa betri ni nzima. Januari 2025 Samsung ilitoa S25 Ultra kwa bei ileile ya 1,300 na miaka saba ileile, ikiondoa Bluetooth kwenye kalamu. Siku hiyo S24 Ultra mpya iliyobaki dukani, ikiwa na miezi 72 mbele yake, ilikuwa na kikomo cha dola 1,114, na muuzaji aliyeshikilia bei ya zamani alikuwa akidai pesa ya miezi 12 iliyokwisha kupita.